Kidonge cha Njano

Benta ni fundi wa nguo katika mtaa wa Tena, Nairobi. Hushona sare za shule na majoho ya kwaya. Kazi yake ni safi, na wateja wake hawamwachi. Lakini Benta ni mtu wa wasiwasi. Kila asubuhi, akishafika dukani, hurudi nyumbani kuangalia kama amezima gesi. Kila mara hukuta ameizima. Binti yake Jacklyne anafanya kazi Nakuru. Jacklyne asipopokea simu, Benta huanza kuwaza ajali.

Mume wake, Seth Otiende, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Seth hutengeneza mabehewa kwenye karakana ya reli. Kwake kila kitu ni sawa. Paa likivuja, husema mvua itaisha. Jino likimuuma, husema litapoa lenyewe. Ukimjulia hali, atakujibu, "Niko fiti kabisa!" hata kama ana homa.

Jumapili moja, wahudumu wa afya walikuja kanisani kwao kupima watu presha. Benta alipimwa, akaambiwa apumzike, kisha akapimwa tena.

"Mama, presha yako iko juu," mhudumu alimwambia. "Nenda kliniki ukaangaliwe vizuri."

"Lakini siumwi na kitu," Benta alisema.

"Wengi hawaumwi na kitu. Ndiyo sababu tunapima."

Maneno hayo yalimtisha Benta. Alimkumbuka dada yake, Aloo. Aloo pia hakuwa akiumwa na kitu. Siku moja alikuwa akikaanga omena, akaanguka jikoni. Kilikuwa kiharusi. Mpaka leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno humtoka kwa shida.

Benta alikwenda kwenye kliniki ya mtaa. Huko alimkuta Kawsar, mhudumu wa kliniki ambaye watu wote humwita daktari. Kawsar ni mama mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpima Benta siku hiyo, akachukua damu na mkojo ili kupima figo, akampima presha tena siku nyingine. Presha bado ilikuwa juu.

"Tutaanza dawa," Kawsar alisema. "Kidonge kimoja kila siku. Usikiache bila kuniambia. Na upunguze chumvi."

Seth alikuwa amemsindikiza mkewe. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Daktari, na mimi nipe kitu cha nguvu. Kazi ya reli ni ngumu."

Kawsar alicheka. "Mzee, kama unakula vizuri huna haja. Lakini vitamini kidogo hazitakudhuru."

Kwenye dirisha la dawa walipewa bahasha mbili ndogo za karatasi. Moja ilikuwa na dawa ya presha ya Benta. Nyingine ilikuwa na vitamini za Seth. Seth alizitia zote mbili katika mfuko wa koti.

Walipokuwa njiani, mvua kubwa ilinyesha. Walifika nyumbani wamelowa. Bahasha zilikuwa zimelowa pia, na maandishi yalikuwa yamefutika. Bahati nzuri, vidonge vyenyewe havikuwa vimeharibika.

"Usijali," Seth alisema. Alitafuta vikopo viwili vidogo, akavifuta, akamimina vidonge. "Vya njano ni vyako vya presha. Vyeupe ni vyangu vya nguvu."

"Una uhakika, Baba Jacky?"

"Uhakika kabisa! Nilimsikia yule wa dirishani."

Alichukua kalamu, akaandika BENTA juu ya kikopo kimoja na SETH juu ya kingine. Benta alitaka kuuliza tena. Lakini Seth alikuwa tayari ameanza kupiga mluzi, akitafuta taulo.

*

Kesho yake, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, Benta alizungumza na Wakiuru. Wakiuru huuza viazi na mboga mbele ya duka la Benta. Ni jirani mwema, lakini habari za magonjwa hazimwishi.

"Ngai! Umepewa dawa ya presha?" Wakiuru alishika kiuno. "Mama Jacky, ujichunge. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Komarock alianza hizo dawa. Kichwa kikawa kinazunguka. Moyo ukawa unaruka. Mwishowe nikasikia figo zimeharibika."

"Figo?"

"Ndivyo nilivyosikia. Mimi sijui, nakuambia tu."

Benta aliingia dukani. Alitoa kidonge cha njano kwenye mkoba, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha alimkumbuka Aloo, akakimeza kwa maji, akaketi kwenye cherehani.

Kabla hajamaliza kushona kola moja, kichwa kilianza kumzunguka. Alisimamisha cherehani. Moyo ulikuwa ukienda mbio. Mikono ilitoka jasho. Alihisi kana kwamba ulimi unamjaa mdomoni.

Mchana alikwenda chooni. Aliona mkojo wake, akashtuka. Ulikuwa wa njano kali, kama rangi ya kupaka ukuta.

"Figo zangu!" alisema kwa hofu.

Jioni alimweleza mumewe kila kitu.

"Ni kuzoea tu," Seth alisema. "Hebu niangalie mimi. Nilimeza kimoja tu asubuhi, nimefanya kazi kama kijana. Hizi vitamini ni kiboko!"

Benta alijaribu tena siku ya pili na ya tatu. Mambo yalikuwa yale yale. Kila akimeza, kichwa kilizunguka na moyo ulidunda. Chakula hakikupita. Alianza kuharibu nguo za watu. Alikata joho la kwaya likawa fupi, akalazimika kununua kitambaa kingine.

Mwisho aliacha. Asubuhi alikuwa akitoa kidonge kwenye kikopo na kukitupa kwenye sinki, ili Seth asijue. Kichwa kiliacha kuzunguka. Lakini sasa alikuwa na hofu nyingine. Alijua presha ilikuwa bado ndani yake. Kila alipoingia jikoni aliwaza kuhusu Aloo. Akimeza dawa, aliogopa dawa. Asipomeza, aliogopa kuanguka. Hakuona njia ya kutoka.

Wakati huo Seth aliendelea kujisifu. Lakini siku moja alirudi kutoka kazini akiwa amejikwaruza kiwiko.

"Umefanya nini?" Benta aliuliza.

"Si kitu. Nilikuwa nashuka kwenye ngazi ya behewa. Macho yakaingia giza kidogo. Nilishika chuma, nikakaa. Ni jua tu."

"Macho yaliingia giza?"

"Jua, Mama Jacky! Jua la siku hizi ni kali. Niko fiti."

Alivua viatu akavisukuma kando. Alisema vimeanza kumbana. Alidhani ngozi ya viatu imekauka.

Siku hiyo Benta alimpigia Jacklyne. Hakutaka kumwambia, lakini alijikuta amesema yote, hata habari ya sinki.

Jacklyne alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mum, sikukemei. Lakini usibaki hivyo. Rudi kwa daktari. Beba hiyo dawa yenyewe aione. Mwambie kila kitu, usifiche. Na uende na Dad."

"Daktari ataniona mjinga."

"Akikuona mjinga, tutatafuta daktari mwingine. Nenda tu."

*

Jumamosi walikwenda. Seth alivaa sandali kwa sababu viatu havikuingia. Benta alikuwa na kikopo chake kwenye mkoba.

Kawsar alimpima presha. Alitazama mashine, akatikisa kichwa polepole.

"Bado iko juu, mama. Karibu sawa na siku ile ya kwanza. Unameza dawa?"

Benta alitazama sakafu. Kisha alisema kweli yote. Alisema jinsi kichwa kilivyozunguka, jinsi moyo ulivyodunda, jinsi mkojo ulivyobadilika. Alisema alivyoacha. Machozi yalimtoka.

"Daktari, mwili wangu unakataa dawa. Na nisipomeza nitakuwa kama dada yangu. Nifanye nini?"

Kawsar hakumkemea. Alimsogezea kiti karibu.

"Umefanya vizuri kuja. Umebeba dawa?"

Benta alimpa kikopo. Kawsar alimimina vidonge kwenye kiganja. Alivitazama. Alichukua kimoja, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Mama, hivi ndivyo ambavyo umekuwa ukimeza?"

"Ndivyo hivyo. Vimenimaliza."

"Vidonge vya njano?"

"Ndiyo, vya njano."

Kawsar alivua miwani. "Mama Benta, hivi si vya presha. Hivi ni vitamini."

Seth alikohoa.

"Hapana, daktari. Vitamini ni zangu. Ni nyeupe. Mimi mwenyewe niliziweka kwenye..."

Hakumaliza. Kawsar alikuwa tayari anatazama miguu yake ndani ya sandali. Ilikuwa imevimba kwenye vifundo.

"Mzee, hebu bonyeza hapo kwa kidole."

Seth alibonyeza. Kidole kilipotoka, kilibaki kishimo kwenye ngozi.

"Miguu imeanza lini kuvimba?"

"Mimi nilidhani ni viatu," Seth alisema kwa sauti ndogo.

"Na kizunguzungu?"

Benta alijibu kabla ya mumewe. "Juzi macho yaliingia giza akiwa kwenye ngazi ya behewa! Akasema ni jua!"

Kawsar alimpima Seth haraka. Alimpima akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Presha yake ilikuwa imeshuka kuliko kawaida, ingawa si kwa hatari. Alimsikiliza moyo na kifua pia, akaona viko sawa.

"Mungu amekusaidia, mzee. Ungeanguka kutoka kwenye ile ngazi, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Umekuwa ukimeza dawa ya presha ya mke wako, nawe huna presha. Acha leo. Miguu itapungua yenyewe kwa siku chache. Isipopungua, rudi."

Seth alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Jacky, nisamehe. Nilikuwa na uhakika."

Benta hakujua kama alie au acheke. Kisha wazo lingine lilimjia, akaona haya.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nikijifanya? Kichwa changu kilizunguka kwa sababu ya vitamini?"

"Hukujifanya hata kidogo," Kawsar alisema. "Kichwa kilizunguka kweli. Moyo ulidunda kweli. Ngoja nikueleze, kwa sababu hili huwapata watu wengi."

Alivuta kiti, akakaa mbele yao wote wawili.

"Wataalamu wakitaka kujaribu dawa mpya, huwapa watu wengine dawa, na wengine huwapa kidonge kitupu. Kidonge hicho hakina dawa ndani yake. Huitwa plasebo. Watu hawajui wamepewa kipi. Sasa, kuna watu hupewa kidonge kitupu na maumivu yao hupungua. Wametumaini, na mwili umefuata matumaini. Wengine hupewa kidonge hicho hicho kitupu, nao huumwa na kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Wameogopa, na mwili umefuata hofu. Hilo nalo lina jina, huitwa nosebo."

"Sasa kwa nini mimi niogope na yeye atumaini?" Benta aliuliza.

"Watu hatufanani tabia. Mtu mwenye wasiwasi huusikiliza mwili wake sana. Moyo ukipiga kidogo, yeye anasikia. Akiogopa, moyo unaongeza mbio, naye anasema, ni dawa hiyo! Hofu inazidi, mbio zinazidi. Mtu mwenye matumaini makubwa ni tofauti. Akimeza chochote anaona nguvu. Mzee alimeza dawa ya kushusha presha, akasema amekuwa kijana."

Benta alicheka kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Seth naye alicheka, lakini kwa aibu.

"Si kila mtu yuko hivyo kila siku," Kawsar aliendelea. "Hata mtu jasiri anaweza kuogopeshwa na habari mbaya. Ulisikia habari yoyote kabla ya kumeza?"

"Nilisikia ya mama wa Komarock. Kichwa, moyo, na figo."

"Na ndicho ulichokipata. Kichwa, moyo, na figo."

Benta alitoa macho. "Lakini mkojo, daktari! Mkojo niliuona kwa macho yangu!"

"Hilo ni kweli. Vitamini hizi hufanya mkojo uwe wa njano kali. Hauna madhara yoyote. Figo zako ni nzima, tulizipima ulipokuja mara ya kwanza."

Benta alipumua kwa nguvu. Alihisi kama ametua mtungi mzito kutoka kichwani.

"Kwa hivyo madhara ya dawa ni mawazo tu?" Seth aliuliza.

"La, mzee! Usitoke hapa na neno hilo. Dawa zina madhara ya kweli. Miguu yako ni ushahidi. Dawa hii huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, au kuleta kizunguzungu na kichwa kuuma. Ulipata madhara ya kweli ukayafukuza kwa mzaha. Mama hakuwa na dawa mwilini, akapata madhara kwa hofu. Mtu hawezi kujua mwenyewe ni lipi. Ndiyo sababu nataka mniambie. Mama, ukisikia kitu usiache dawa kimya kimya. Wewe mzee, ukisikia kitu usiseme uko fiti. Njooni hapa, tuangalie pamoja. Dawa ikikusumbua kweli, ziko nyingine."

"Na matumaini hayawezi kunishushia presha?" Benta aliuliza.

"Matumaini ni mazuri, yanasaidia hata maumivu. Lakini kwa presha kama yako hayatoshi. Unahitaji dawa. Na nikuambie jambo moja. Huo wasiwasi wako ndio uliowaleta hapa leo. Mzee angeendelea kupanda ngazi na miguu imevimba."

Seth alitikisa kichwa kukubali.

*

Kawsar alileta pakiti mpya ya dawa ya presha. Vidonge vilikuwa vyeupe, kila kimoja katika shimo lake, na jina la dawa likiwa limeandikwa nyuma.

"Usivihamishe kwenye kikopo kingine," alisema. "Na kila mtu ameze yake. Sasa mama, kwa vile unaogopa, meza cha kwanza hapa hapa. Mimi nipo."

Benta alishika kidonge kwa mkono mmoja na glasi kwa mkono mwingine. Alisimama hivyo kwa muda.

"Daktari, moyo umeanza kudunda."

"Umekimeza?"

Benta alitazama kiganja chake. Kidonge kilikuwa bado pale.

"Bado," alisema.

Wote watatu walicheka. Hata muuguzi aliyekuwa akipita mlangoni alichungulia kuona kuna nini.

"Umeona?" Kawsar alisema. "Hiyo ni hofu, bado si dawa. Vuta pumzi polepole. Tena. Sasa meza."

Benta alimeza. Waliketi kwenye benchi la nje. Kawsar alikuwa amemweleza dalili za hatari ambazo hazifai kusubiri: uso au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, au kuzirai. Akiona hizo, aende hospitali mara moja. Benta alijigusa uso. Haukuvimba. Aliutoa ulimi nje, Seth akautazama.

"Ni ulimi wa kawaida," Seth alisema. "Ule ule unaonigombeza."

Moyo ulidunda kidogo, kisha ukatulia. Walikaa mpaka jua likawafikia kwenye benchi. Hakuna kilichotokea. Walisimama wakaenda nyumbani.

Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Asubuhi nyingine kichwa kilizunguka kidogo. Benta alikuwa akikaa, anavuta pumzi polepole, anasubiri. Kilipita. Wiki ya pili aliumwa na kichwa kwa siku mbili. Hakuacha dawa. Alipita kliniki akamwambia Kawsar. Kawsar alimpima, akamwambia kichwa hicho huenda kinatokana na dawa, na mara nyingi huisha. Kiliisha. Nyumbani walipunguza chumvi. Seth alilalamika kuhusu mchuzi, kisha akauzoea. Miguu yake ilirudi kama kawaida, viatu vikaingia. Kazini hakupanda behewa mpaka kizunguzungu kilipoisha, na siku aliposikia homa alisema, "Leo siko sawa." Benta alishangaa kusikia maneno hayo kinywani mwake.

Baada ya miezi miwili Benta alipimwa tena. Kawsar alitazama mashine, akaigeuza ili Benta aione mwenyewe.

"Mia moja na thelathini kwa themanini na mbili. Hapa ndipo nilipokuwa nikipataka."

Benta alizisoma zile namba mara tatu. Kisha alitoa simu papo hapo, akampigia Jacklyne. "Imeshuka!" alisema kwa sauti kubwa. "Imeshuka, mwanangu! Na sijafa!" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka na kumpigia makofi.

Siku iliyofuata Wakiuru aliingia dukani. Kwa kawaida huongea akiwa bado mlangoni. Siku hiyo aliketi kwanza.

"Mama Jacky, nimesikia presha yako imeshuka. Kwa dawa zile zile?"

"Kwa dawa zile zile. Siku hizi nikisikia kitu mwilini, naenda kuuliza. Siachi hofu iwe ndiyo daktari wangu."

Wakiuru alichezea ncha ya leso yake. "Mimi pia nilipewa, mwaka jana. Nilimeza siku mbili. Nikasikia kama nakufa, nikazitupa. Sijawahi kumwambia mtu."

Benta alizima cherehani. Hakumuuliza kwa nini. Alichukua ufunguo wa duka na leso yake.

"Funika viazi vyako," alimwambia. "Daktari Kawsar yupo mpaka saa kumi. Twende."

Wakiuru alisita. "Atanigombeza?"

"Hatakugombeza. Mimi nilikwenda na vitamini, na bado alinipa kiti."

Wakiuru alifunika viazi kwa gunia. Walivuka barabara pamoja, wakaelekea kliniki.